Mkia wa Milimita Nne

Kwa miaka ishirini na mitatu watu walimwita Fimbo, na wala hawakuwa wanamtukana. Ndiyo kazi yenyewe: kushika fimbo. Mpima ardhi anasimama huku na mashine yake ya miguu mitatu, jicho kwenye darubini, na kule mbali lazima asimame mtu ameshika fimbo ndefu yenye namba, wima kabisa, asitikisike hata nzi akimtulia puani. Mtu huyo alikuwa yeye. Barabara, mitaro, misingi ya maghorofa, kote huko Fimbo kasimama juani, na kwenye karatasi, pale palipoandikwa "Jina la mpima", likaandikwa jina la bosi wake, Bwana Mpima. La Fimbo halikuandikwa popote. Lilimuuma hilo, tusidanganyane. Lilimuuma kidogo kidogo, mpaka akazoea.

Halafu ofisi ikaleta waraka. Mfanyakazi yeyote asiye na cheti cha chuo ana miaka miwili ya kukitafuta. Ikiisha hiyo, kwaheri ya kuonana. Fimbo alikuwa na miaka arobaini na tisa. Akaubeba waraka wake mpaka mezani kwa Bwana Mpima, akasimama pale wima kama alivyozoea.

"Nenda kasome," Bwana Mpima akasema, bila kuinua kichwa. "Wewe kazi unaijua kuliko hao watoto wa chuo. Ofisi itakupa ruhusa. Ukirudi na cheti nakufanya mpima msaidizi, unasimama kwenye mashine, na jina lako linakaa kwenye karatasi. Mimi nipo, nitakushika mkono."

Maneno matamu hayo! Fimbo alitoka pale akiwa mrefu kuliko alivyoingia. Nyumbani alimkuta binti yake mkubwa, mwalimu wa hesabu, ambaye tangu mama yao afariki ndiye aliyekuwa akiiendesha nyumba, na baba yake ndani yake. Akamwambia, "Mwanangu, nitakuwa mpima." Binti akaweka chini madaftari aliyokuwa akisahihisha. "Baba, mara ya mwisho kugawanya sehemu ilikuwa lini?" Fimbo akafikiri. Akafikiri tena. "Haya," binti akasema, "kesho tunaanza."

Siku ya kwanza chuoni alifika mapema, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Kijana mmoja aliyekaa mstari wa mbele akamtazama juu mpaka chini, akanyoosha kidole ukutani. "Fundi, dirisha lenyewe ni lile pale. Halifungi." Sasa mtu mwingine angetukana, au angecheka. Fimbo, kwa adabu zile za miaka ishirini na mitatu za kutumwa, akaenda kulitazama dirisha. Alikuwa bado anaitikisa bawaba Mkufunzi alipoingia, mama mmoja mkavu asiyependa mzaha, akaita majina, na fundi akaitika "Nipo" kutoka dirishani. Jamani, kicheko chake! Walicheka mpaka wakagonga meza.

Kuanzia hapo akawa Babu. "Babu, ulipoanza kupima, dunia ilikuwa bado bapa?" "Babu, leo usisinzie, kuna mtihani." Mmoja alimwekea kwenye kiti mto wa mtoto mchanga, eti kiuno. Fimbo akaukalia, akasema asante. Na jaribio la kwanza la hesabu alipata tisa. Siyo tisini. Tisa kwa mia. Binti yake aliishika ile karatasi kwa ncha za vidole. "Tisa, Baba! Mtu akifumba macho akajaza ovyo anapata zaidi ya hapa. Wanangu wa darasa la tano ningewachapa." Akamkalisha mezani. Kila jioni baada ya chakula, mwaka mzima, na wa pili, binti na baba, pembetatu na pembe zake, na binti hakuwa na huruma hata chembe. Akikosea anafutiwa yote. Fimbo alilia mara moja tu, chooni, bomba likiwa wazi ili asisikike. Mwaka wa pili akapata hamsini na sita, kisha sitini na moja, na binti yake akasema, "Si mbaya," akatoka nje upesi kwa sababu na yeye alikuwa analia.

Lakini nje ya darasa! Huko uwanjani Babu alikuwa mfalme, na wale waliomcheka walikuwa wakimfuata kama vifaranga. Aliyemganda zaidi ni yule yule wa dirisha, kijana wa miwani mikubwa, na jina lake likawa hilo hilo, Miwani. Alikuwa na kichwa cha moto kwa hesabu, ila mikono! Miguu ya mashine ilikuwa inamshinda kuifungua, ikambana kidole siku ya kwanza akapiga yowe chuo kizima kikageuka. Fimbo alimfundisha kila kitu. Namna ya kukanyaga mguu wa mashine uzame ardhini. Namna ya kusubiri kipovu cha kwenye kioo cha usawa kitulie, usikikimbize. Namna ya kujua kama mshika fimbo amechoka na fimbo imeanza kulala. Miwani naye alimnong'onezea fomula. Wakawa pacha, na majibu yao ya uwanjani yakawa bora darasani.

Sasa nisikilizeni hapa kidogo, kwa maana hapa ndipo alipopotelea mtu mzima. Ukipima usawa wa ardhi unaanzia kwenye jiwe ambalo kimo chake kinajulikana, unazunguka eneo lote, halafu unarudi kwenye jiwe lile lile. Hesabu inatakiwa irudi ilipoanzia. Hairudi. Haijapata kurudi tangu watu waanze kupima. Jua lina lake, upepo una wake, jicho nalo lina lake, na mwisho wa siku kunabaki tofauti ya milimita tatu, tano, saba. Mafundi wanaiita mkia. Mkufunzi alilisema hilo hata kabla hawajaigusa mashine: "Mkia ni halali. Mkia ni ukweli wako. Ukizidi kiwango unarudia kazi, usipozidi unauandika kama ulivyo." Fimbo akaandika kwenye daftari lake, kwa ule mwandiko wake mzuri, Mkia ni halali, akapiga mstari chini.

Akaandika, lakini hakuamini. Maana huo mwandiko ndio uliokuwa umemponza kazini. Mwaka wake wa kwanza pale ofisini Bwana Mpima aliuona, akampa kazi ya kunakili vipimo vya siku kwenye daftari safi. Fimbo akanakili kama vilivyo, na mkia wake wa milimita sita. Daftari lile lilirudi likiruka, likampata usoni. "Mteja akiona mkia anadhani hatujui kazi! Kata!" Na Bwana Mpima mwenyewe, kalamu mkononi, akamwonyesha: hapa punguza moja, hapa ongeza mbili, pale hakuna atakayejua. Sifuri safi. Miaka ishirini na miwili Fimbo alikata mikia. Hakuuona kama uongo, asilani. Kwake ilikuwa kama kuchomekea shati kabla ya kuingia kwa mkubwa. Ya chuo ni ya chuo, alijiambia, na kazi ni kazi.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa uwanjani, na wiki moja kabla yake likabandikwa tangazo: msahihishaji atakayetoka nje ya chuo ni Bwana Mpima. Fimbo alilisoma mara tatu. Mtu mzima akaruka! Akamwambia binti yake, "Mwanangu, mambo yamejipa. Aliyesema atanishika mkono ndiye anayekuja." Binti akasema, "Mshukuru akishakushika." Mkali yule, lakini jioni hiyo hakumpa hesabu hata moja, akampigia pasi shati.

Asubuhi ya mtihani Bwana Mpima alikaa chini ya mwavuli, kwenye meza iliyowekwa ukingoni mwa uwanja. Fimbo akamwendea na uso umefunguka. "Shikamoo, Bwana Mpima." Bwana Mpima akatazama juu ya bega lake. "Mzee, watahiniwa wote kwenye mstari, tafadhali." Mzee! Miaka ishirini na mitatu, na leo mzee. Fimbo akarudi kwenye mstari huku akimtetea moyoni mwake: hataki aonekane anapendelea, ni mtu makini, ni sawa tu.

Akafanya kazi na Miwani, kwa zamu, huyu mashineni na huyu kwenye fimbo, kisha wakabadilishana, kila mtu na karatasi yake. Vigingi vya kuonyesha pa kusimamisha mashine vilikuwa vimeshapigwa, na Fimbo akavitazama akatikisa kichwa. Vilikaa vibaya. Mashine ilikuwa inasimama jirani na fimbo upande mmoja, na mbali kabisa upande wa pili. Mtu yeyote wa kazi anajua kwamba mashine ikiwa na kasoro hata ndogo, ukiisimamisha hivyo kasoro inajumlika, haijifuti. "Hawa watu wa vitabu," akamnong'oneza Miwani, "hata kigingi hawajui kukipiga." Hakuuliza zaidi. Aliyefundishwa kutumwa hazoei kuuliza.

Walimaliza muda ukiwa umebaki dakika ishirini. Miwani akajumlisha. "Babu, nina mkia wa nne. Wewe?"

"Nne."

"Kiwango cha ruhusa ni kumi na mbili! Tumepita, Babu! Tumepita!" Akamkumbatia, miwani ikaenda upande.

Na ni kweli walikuwa wamepita. Ile kazi ya Fimbo, pale ilipo, ilikuwa ya kuwekwa kwenye fremu. Laiti angenyanyuka akaipeleka mezani, hadithi ingekuwa nyingine na mimi nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini aliitazama karatasi yake. Ilikuwa na jasho, na juu kabisa, pale "Jina la mpima", alikuwa ameandika jina lake kamili, alilopewa na wazazi wake, mara ya kwanza katika maisha yake, na wino umechuruzika. Akamtazama Bwana Mpima chini ya mwavuli. Akakumbuka daftari linaloruka. Mara ya kwanza jina langu linafika mbele ya macho yake, akawaza, halafu lina mkia? Akachukua karatasi safi mezani kwa wasimamizi, akaanza kunakili. Pale kwenye kigingi cha tatu akapunguza moja. Kwenye cha sita akapunguza mbili. Cha nane moja.

"Babu, unafanya nini?" Miwani akauliza.

"Nasafisha. Wewe humjui yule. Mimi namjua."

Karatasi ya zamani akaikunja vizuri, akaitia mfukoni mwa shati, kwa sababu hakuwa mtu wa kutupa kazi yake. Ile safi, sifuri ikimeta chini, akaipeleka kwa mikono miwili. Bwana Mpima aliipokea, macho yakashuka moja kwa moja mpaka kwenye sifuri, yakatulia hapo. Akatabasamu. Fimbo alirudi nyumbani anatembea juu ya mawingu.

Baada ya siku tatu akaitwa kwenye chumba cha kikao. Watu watano, maji ya chupa, na kiti kimoja katikati. Mkufunzi hakumtazama. Bwana Mpima ndiye aliyeanza, kwa sauti ya upole, akiwaeleza wenzake kama anayesimulia mbinu ya mchezo. Kila mwaka, alisema, yeye huomba mashine ya mtihani ilegezwe skrubu moja, na vigingi vipigwe kwa makusudi, hivi na hivi. Mashine ile katika vigingi vile haiwezi kutoa sifuri hata ikishikwa na malaika. Kila mtahiniwa lazima alete mkia wa tatu, nne au tano. "Asiyeleta amepika namba. Huko makazini wanapika sana, mabwana. Mimi nimeshawaona. Ndiyo maana nikaubuni mtego huu."

Fimbo akadhani dawa anayo. Akaingiza mkono mfukoni, haraka haraka, akaifungua ile karatasi ya jasho, akaitandaza mezani. "Lakini nilipima kweli! Tazameni, wakubwa, nne hii hapa. Nilipata nne. Ile nyingine ni ya usafi tu."

Masikini. Alidhani ameleta wokovu, kumbe amewaletea kidhibiti kwa mkono wake mwenyewe. Wakaziweka karatasi mbili sambamba, wakalinganisha, na kalamu nyekundu ikazungushia kigingi cha tatu, cha sita, cha nane. Hakuna aliyelazimika hata kuuliza swali.

Mkufunzi peke yake ndiye aliyeuliza. Akavua miwani yake ya kusomea. "Mzee wangu, mimi nilikufundisha kwamba mkia ni halali. Umeandika, nimeuona mwandiko wako. Hii nyingine ulifundishwa na nani?"

Fimbo akamtazama Bwana Mpima, na Bwana Mpima akamtazama yeye, kwa mara ya kwanza tangu mtihani uanze. "Sema, mzee," akasema, akizungusha kifuniko cha kalamu. "Usiogope."

Lilikuwa neno moja tu. Wewe. Lilimjia mpaka kwenye meno. Lakini mtu aliyesimama wima miaka ishirini na mitatu haangushi fimbo kirahisi, na tena alipiga hesabu, hesabu zile zile alizofundishwa na binti yake: nikisema, sina kazi, nikinyamaza, atanikumbuka, atanishika mkono kama alivyoahidi.

"Nilijifundisha mwenyewe."

"Mmesikia wenyewe," Bwana Mpima akawaambia wenzake, akaweka kifuniko kwenye kalamu. "Mtu wa namna hii akipewa cheti ataangusha nyumba za watu." Wakapiga kura. Mikono minne ikainuka upesi, wa Mkufunzi ukachelewa, ukainuka nao.

Nje, ukumbini, Bwana Mpima alimfuata. Akamwekea mkono begani, akanong'ona, "Umefanya la kiungwana mle ndani. Sitalisahau." Fimbo akangoja. Moyo wake, mjinga ule, ukaanza kuinuka tena. "Ila waraka ni waraka, unanielewa. Barua yako itatoka mwisho wa mwezi. Kibarua cha kushika fimbo kikitokea nitakuita. Cha siku kwa siku." Akampigapiga bega, akaenda zake.

Binti yake alikuwa jikoni. Fimbo alimweleza yote akiwa amesimama mlangoni, hakutaka kukaa. Binti hakumkatiza. Alipomaliza, akauliza kwa sauti ile ya darasani:

"Mkia wako ulikuwa wa ngapi?"

"Nne."

"Ruhusa?"

"Kumi na mbili."

"Kumi na mbili toa nne."

"Mwanangu..."

"Toa, Baba!"

"Nane."

"Nane," binti akasema. "Ulikuwa umefaulu na nane za kuchezea, ukaenda kujichinja mwenyewe ili umfurahishe nani? Yule? Miaka miwili nimekaa hapa nikikufundisha kujumlisha, kumbe ungehitaji kufundishwa kutukana." Akalirusha taulo la vyombo kwenye sinki. Hakumpikia chakula siku hiyo, na yeye mwenyewe hakula, na kila mmoja alilala akimsikia mwenzake upande wa pili wa ukuta.

Kibarua kilitokea baada ya miezi mitano. Barabara mpya, jua kali, na kwenye gari la ofisi alishuka mpima msaidizi mpya na kofia yake mpya. Alikuwa Miwani. Walisalimiana, kila mtu akitafuta pa kuyaweka macho. "Babu." "Bosi." "Usiniite bosi, Babu." "Sasa nikuiteje?" Miwani akafungua miguu ya mashine. Aliifungua vizuri, akaukanyaga mguu ukazama, akangoja kipovu kitulie. Fimbo aliyaona yote hayo kutoka mbali, akiwa wima.

Alasiri wakamaliza mzunguko. Miwani alikaa kwenye kivuli cha gari, akajumlisha, akajumlisha tena, akabaki ameinama. Kisha akaja polepole, karatasi mkono mmoja na daftari safi mkono wa pili.

"Una wa ngapi?" Fimbo akauliza.

"Tatu."

"Tatu ni nzuri sana. Ni halali hiyo."

"Najua." Kijana akatazama viatu vyake. "Bwana Mpima amesema nikupe wewe unakili. Amesema mwandiko wako ni mzuri, na utajua cha kufanya."

"Na wewe unasemaje?"

"Babu, hapa si chuo." Halafu, kwa sauti ndogo, "Mama yangu anategemea hii kazi."

Fimbo aliilaza fimbo chini, akafuta mikono kwenye suruali, akakaa juu ya kreti tupu na daftari magotini. Kwenye kigingi cha pili akapunguza moja. Kwenye cha tano, mbili. Sifuri ikatokea chini, safi. Akaupuliza wino ukauke, akapanda mpaka juu ya ukurasa, pale palipoandikwa "Jina la mpima".

"Jina lako la katikati linaandikwaje?" akauliza, na Miwani akamtajia herufi kwa herufi, na Fimbo akaliandika lote vizuri kabisa.